Ufundi wa Kuketisha Wawili

Katika vijiji vingi vya Masisi na Walikale, Kivu Kaskazini, kundi la akiba ambalo wenyewe huliita AVEC hugawana fedha zake mwisho wa mwaka. Kasha la bati lenye kufuli tatu huwekwa katikati ya duara. Wenye funguo hufungua kila mmoja kufuli yake, noti huhesabiwa kwa sauti mbele ya wote, na kila mwanachama, mara nyingi mwanamke, huondoka na fungu lake amelikunja kwenye pindo la kikwembe. Siku chache baadaye ni Noeli, kisha Bonane, yaani Mwaka Mpya. Watoto wanangoja nguo mpya, wakwe wanangoja kutembelewa, deni la dukani linangoja kulipwa. Ni majira ya shangwe, na ndiyo majira ambayo nyumba nyingi huwaka moto.

Mtu anayejua kuandaa semina ya wenzi kwa ajili ya sikukuu huanza kazi yake hapo. Kabla ya kuuliza ukumbi ni upi au watakuja wangapi, huuliza kasha litafunguliwa lini. Akishaijua tarehe, huweka semina siku kumi hivi kabla yake. Akiiweka baada ya mgawo, atawakuta watu waliokwisha kununua na kununiana. Akiiweka mapema mno, mwezi wa kumi, watu wako palizini na sikukuu bado iko mbali.

Nauheshimu sana ufundi huu, na naona hausifiwi inavyostahili. Kwingineko semina ya mapenzi ya sikukuu ni hoteli kando ya ziwa, mishumaa, na mgeni rasmi mwenye kipaza sauti. Hata Goma, tarehe 14 Februari ina maua yake na mabango yake. Huku milimani na msituni, semina ni mabenchi ya kanisa au darasa lililobaki wazi wakati wa likizo, karatasi kubwa zilizobandikwa ukutani, sufuria ya maharage, na mume na mke ambao huenda tangu waoane hawajaketi pamoja mchana kutwa bila kazi mikononi. Kinachoifanya siku hiyo ifae ni maandalizi, na maandalizi mazuri hayaonekani. Ndiyo maana wageni wakija hupiga picha za watu wanaocheza, kisha wakaondoka bila kujua walichokiona.

Kabla ya semina palikuwa na shangazi. Katika jamii nyingi za huku dada wa baba ndiye aliyemfunda bibi harusi, na ndiye aliyekimbiliwa nyumba ilipotikisika. Wanyanga wa Walikale wamempa nafasi hata katika utendi wao mkubwa wa Mwindo, ambao Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene waliuchapisha mwaka 1969 kutoka kinywani mwa mtambaji Shé-Kárisi Rureke: Mwindo anapokataliwa na baba yake, anayemwendea ni Iyangura, shangazi yake. Pwani ya Lamu nako, mwaka 1858, Mwana Kupona alimtungia binti yake utenzi wa mafunzo ya maisha na ndoa. Mafunzo haya yana uzito wake, nami siyabezi. Lakini yalimfunda mke faraghani, na mume akafundwa penginepo na watu wengine, au asifundwe kabisa. Jambo jipya la semina ya wenzi ni kwamba maneno yale yale yanasikiwa saa ile ile na watu wawili waliokaa benchi moja.

Mashirika yameongeza ujuzi wao juu ya ule wa shangazi. Kuanzia mwaka 2012 Promundo na wenzao wa Goma walijenga mbinu iitwayo Living Peace, ambamo wanaume walioumizwa na vita hukutana kila wiki kwa vikao 15, na wake zao huingia katika baadhi ya vikao hivyo. International Rescue Committee nao waliendesha Kivu Kaskazini na Kivu Kusini mpango unaoitwa EMAP. Ndani yake wanawake hutangulia kwa vikao 8, na yale waliyoyasema huongoza vikao 16 vya wanaume. Zitazame hesabu hizo: wiki 15, wiki 16. Wanaoijua kazi hii hawaamini kwamba siku moja inaponya ndoa. Ndoa, kama maharage katika baridi ya Masisi, haiivi kwa moto wa haraka. Semina ya sikukuu ni siku moja, zikizidi ni mbili, na ufundi wake wote ni kujua siku moja inaweza kubeba nini, kisha kuyaacha mengine bila kuyagusa.

Ule utaratibu wa wanawake kutangulia ndio mzizi wa kazi. Wiki moja kabla, mwezeshaji wa kike huwatafuta wanawake mahali walipo: kisimani, shambani, kwenye mkutano wa AVEC. Hawahubirii. Anauliza wangependa siku hiyo iwape nini, kisha anauliza swali ambalo kwangu ndilo bora kuliko yote katika ufundi huu: ni jambo gani mngependa lisitajwe kabisa mbele ya waume zenu? Majibu hayaandikwi. Yanabaki kichwani mwake, na siku ya semina ndiyo yanayomwongoza apite wapi na asipite wapi. Nchi ambayo vita vilianzia soko la Ntoto, Walikale, Machi 1993, vikaingia Masisi na kurudi mara nyingi, ina wanawake wenye mambo ambayo mume hajaambiwa, na pengine hataambiwa kamwe. Mwezeshaji mzuri hadai siri kwa jina la mapenzi.

Pale ndipo pia anapojua ni nani asialikwe. Mwanamke anayepigwa na kuishi kwa hofu hapaswi kuletwa kwenye benchi akaulizwa mbele ya watu mumewe anamfurahisha vipi, kwa maana neno moja likimponyoka hulilipia nyumbani usiku. Huyo anahitaji msaada wa peke yake, mshauri wa kisaikolojia, kituo cha afya, mahali salama pa kulala. Kumwacha nje ya semina kwa upole, bila yeyote kujua kwa nini, na kumfikisha panapomfaa, ni sehemu ya kazi hata kama haionekani kwenye ripoti.

Mwaliko una adabu yake. Mke akiupeleka nyumbani, semina inakuwa mambo ya wanawake, na mume anakuja kama mtu aliyeitwa barazani kushitakiwa. Kwa hiyo mwezeshaji wa kiume hupita mwenyewe jioni, wote wawili wakiwa nyumbani. Huketi, hupokea anachopewa, huzungumzia mvua na bei ya viazi, kisha huwaalika wawili kwa pumzi moja. Wanaoongoza huwa mwanamume na mwanamke. Katika makanisa mara nyingi ni bibi na bwana waliokwisha kukaa katika ndoa miaka mingi, na binafsi nawapendelea hao, mradi waitumie nyumba yao kwa kiasi, maana mfano wa mwezeshaji ukirefuka, washiriki wanageuka watazamaji.

Halafu kuna suala la pesa. Miaka mingi ya misaada imewazoesha watu wa Kivu kwamba semina ina perdiem, yaani posho, na mtu anayekuja kwa ajili ya perdiem huketi akitazama saa. Wenye ufundi hawalipi kuhudhuria. Wanalisha vizuri, wanarudisha nauli kwa aliyetoka mbali, basi. Baadhi ya waandaaji hulalamika kwamba bila perdiem watu hawaji. Nadhani wanaokuja ndio wanaohitajika.

Siku yenyewe huchaguliwa kwa kuepa siku ya soko, siku ya salongo (kazi za pamoja), Jumamosi ya Waadventisti na Jumapili ya wengine. Watoto wachanga hupangiwa mtu wa kuwashika, vinginevyo kila mama atasikiliza kwa sikio moja. Chakula ndicho mtego mkubwa. Wanawake wakipika, semina ni ya waume, kwa kuwa wake wako jikoni. Mwezeshaji aliyekomaa hutangaza tangu siku ya mwaliko kwamba wanaume ndio watakaopika, na huteua watatu wanaojiamini wawavute wenzao. Alfajiri wanaume wanatwanga majani ya mihogo ya sombe, wanabishana kuhusu maji ya bugali, moshi unawatoa machozi. Wanawake wamekaa kivulini wakitazama, na kicheko kinachotoka hapo kinafungua mioyo kuliko utangulizi wowote wa dakika arobaini. Lakini tazama mwezeshaji: yeye hachekeshi wala hachochei. Mwanamume akiaibishwa saa mbili asubuhi, ameshapotea kwa siku nzima. Sombe ikiiva huonjwa, husifiwa kwa haki, na kazi inaendelea.

Wakaaji wa huku wamezoea kanisani wanaume upande huu, wanawake upande ule. Semina haianzi kwa kuvunja desturi hiyo. Saa ya kwanza wanakaa walivyozoea, katika saa ya pili watu watatu watatu wa jinsia moja wanazungumza, na baada ya chai tu ndipo kila mmoja anamfuata mwenzake kwenye benchi. Kufikia hapo wameshazoea sauti zao wenyewe. Wenzi waliochanganyika, Mhunde na Mhutu kwa mfano, ambao vita vimewapitisha mahali pagumu kati ya ukoo na ukoo, huketishwa kama wenzi wengine, bila kuitwa mbele kuwa kielelezo cha amani. Wameshabeba vya kutosha.

Zoezi la asubuhi linalopendwa ni saa za siku. Kila kundi hupewa kikombe cha punje za maharage na karatasi yenye duara la saa 24. Wanaume wanapanga punje za kazi za mwanamume tangu kuamka hadi kulala, wanawake wanapanga za mwanamke, kisha karatasi zinawekwa chini bega kwa bega. Za mwanamke huanza kabla ya mapambazuko, maji, kuni, moto, shamba, soko, na huendelea baada ya giza. Kundi linanyamaza. Mwezeshaji asiyejua atajaza kimya hicho kwa hotuba kuhusu usawa, na wanaume watafunga masikio. Anayejua hasemi kitu. Anaacha wazitazame punje mpaka mtu mmoja, mara nyingi mzee, aseme mwenyewe kile alichokiona. Naamini uwezo wa kunyamaza kwa dakika mbili nzima mbele ya watu arobaini ni kipaji adimu, na wenye nacho wanapaswa kutunzwa.

Baadaye huja mti. Mbinu hii imetoka jirani, ng'ambo ya Rwenzori, kwa wakulima wa kahawa wa ushirika wa Bukonzo Joint wilayani Kasese, Uganda, waliofanya kazi na Linda Mayoux kubuni mfumo wa michoro unaojulikana kama GALS. Kila bibi na bwana wanachora mti wa nyumba yao. Mizizi ni kazi na kipato: upande mmoja vya mke, upande wa pili vya mume, katikati vya wote wawili. Matawi ni matumizi: ya mke, ya mume, ya familia. Hakuna haja ya kujua kusoma. Jembe linachorwa, ng'ombe anachorwa, chupa ya pombe ya kasiksi inachorwa, sare ya shule inachorwa. Mti ukiwa na mizizi minene upande mmoja na matunda mazito upande mwingine, unaonekana wazi kwamba utaanguka, na wenyewe ndio waliouchora. Hakuna aliyewahukumu.

Hapo maswali ya sheria hujitokeza, maana mti una mizizi katika shamba na shamba lina jina la mtu. Mwezeshaji mwenye ujuzi hujibu kwa ufupi: Kanuni ya Familia ya mwaka 1987 ilimtaka mke apate idhini ya mumewe ili afanye mambo mengi ya kisheria, na marekebisho ya Julai 2016 yameondoa sharti hilo, ingawa mume bado anatajwa kuwa kichwa cha nyumba. Kisha huelekeza wapi pa kuuliza zaidi, akarudi kwenye mti. Saa moja ya sheria ingeua siku.

Mchana kuna kazi ya bajeti ya Noeli na Bonane, na hapa naona ufundi umefikia kilele chake, ingawa kwa macho ni watu wanaohesabu faranga. Mwaka 1945 padri Mfaransa Henri Caffarel, mwanzilishi wa Équipes Notre-Dame, aliwaandikia wanandoa kuhusu kile alichokiita wajibu wa kuketi. Alichukua mfano wa Injili ya Luka, yule mtu anayetaka kujenga mnara, ambaye huketi kwanza na kupiga hesabu ya gharama. Wenzi, alisema, nao wapange saa ya kuketi pamoja kila mwezi, waitazame nyumba yao kabla haijaegemea. Mtu angeweza kudhani ushauri huo ni wa watu wenye sebule na viti vya starehe. Masisi unafanya kazi vizuri zaidi, kwa kuwa huku hesabu ni ya kweli: fungu la AVEC ni kiasi hiki, mbuzi mmoja anaweza kuuzwa, jibini la shamba fulani litalipwa mwisho wa mwezi. Tutoe nini kwa wazazi wako, nini kwa wangu? Kikwembe kimoja au viwili? Mbegu za mwezi wa pili zitatoka wapi? Wawili wanapewa dakika thelathini na kona yao wenyewe. Wawezeshaji hawapiti wakichungulia. Matokeo hayasomwi mbele ya watu. Kinachoombwa ni kimoja tu, kwamba wakubaliane juu ya jambo moja ambalo mwaka jana liliwagombanisha.

Je, mapenzi yako wapi katika haya yote? Yanakuja alasiri, watu wakishashiba na hesabu imeshatua mzigo wake. Waandaaji wengi wa mijini huanza na mapenzi: simulia siku ya harusi yenu, mwambie mwenzako unampenda. Huku maswali hayo yana miiba. Wengi hawakufanya harusi. Waliungana njiani wakikimbia, au mahari haijakamilika na wakwe bado wanakumbusha. Wengine wamekaa na mume wa pili kwa sababu wa kwanza aliuawa, na swali la siku ya kwanza linamrudisha mtu kaburini. Mwezeshaji mzuri hupima neno kabla ya kulitoa. Badala ya harusi huuliza: ni lini mwenzako alikuchekesha mpaka ukalia? Badala ya kuuliza unampenda kiasi gani, huuliza: mwenzako amefanya kazi gani mwaka huu ambayo hukumshukuru? Swali hili la pili ni zito kwa wanaume waliopanga punje za maharage asubuhi ile ile, kwa sababu jibu liko chini, kwenye karatasi. Ndipo shukrani inapopata mahali pa kukanyaga. Mtu hasemi asante kwa jumla. Anasema asante kwa maji ya saa kumi na moja alfajiri.

Nyumbani bibi na bwana huitana kwa jina la mtoto wa kwanza, baba fulani na mama fulani, na ni adabu nzuri. Siku ya semina kuna dakika chache ambapo kila mmoja anaombwa amwite mwenzake kwa jina lake mwenyewe, lile aliloitwa alipokuwa msichana au kijana. Wengine hushindwa kwa aibu, wakaachwa. Kisha ngoma au redio, na kucheza. Picha za wageni hupigwa hapo.

Walikale inahitaji mpango mwingine. Ina zaidi ya kilomita za mraba 23,000, karibu mara tano ya Masisi, na sehemu kubwa ni msitu. Barabara kutoka Goma imekuwa mbaya kiasi kwamba kwa miaka ndege ndogo zilitua juu ya barabara ya lami ya Kilambo kubeba kasiteriti ya mgodi wa Bisie. Ndoa za Walikale mara nyingi ni ndoa za umbali: mume yuko Bisie, Ndjingala au Mubi akichimba au akichuuza, mke yuko Masisi, Goma au Bukavu na watoto. Masisi penyewe mgodi wa koltani wa Rubaya umefanya hivyo hivyo kwa nyumba nyingi. Wenzi hao huwezi kuwaketisha benchi moja mwezi wa kumi na mbili. Unaweza kuwakutanisha kwa sauti.

Semina ya mtandaoni ya huku haifanani na ile ya kompyuta na nyuso ndani ya vidirisha. Mtandao unapatikana juu ya kilima fulani saa fulani, mega ni ghali, na simu ni moja kwa nyumba nzima, pengine ya jirani. Kwa hiyo wenye ufundi hutumia ujumbe wa sauti wa WhatsApp, mfupi, wa dakika moja au mbili, ambao unasubiri mpaka mtu apande kilima. Swali moja kwa siku, kwa siku nne au tano kabla ya Noeli. Swali linatumwa kwenye kundi, na jibu halirudi kwenye kundi kamwe: linakwenda kwa mwenzi peke yake. Mwezeshaji hasikii alichokijenga. Anajua tu kwamba ujumbe umefika. Padri Gabriel Calvo wa Hispania, aliyeendesha wikendi yake ya kwanza ya wanandoa Barcelona mwaka 1962, alitumia busara ya namna hiyo: kila mmoja huandika daftarini, hubadilishana na mwenzake, na wawili husoma na kuongea faraghani bila mtu mwingine kuuliza waliandika nini. Walikale daftari limekuwa sauti, jambo linalomfaa asiyeandika, na faragha imebaki pale pale.

Sheria yao moja naipenda kwa ukali wake. Swali la mtandaoni lazima liwe swali ambalo mama mkwe akilisikia halimdhuru yeyote, kwa sababu mama mkwe atalisikia. Simu husikilizwa kwa sauti kubwa, watoto wamezunguka. Basi maswali ya kitandani, ya pesa iliyofichwa, ya wivu juu ya maisha ya mgodini, hayatumwi hewani. Yanangojea mtu arudi. Yanayotumwa ni kama haya: kuna nini kipya nyumbani ambacho nikirudi nitashangaa kukiona? Ni chakula gani nikupikie siku ya Bonane ukifika? Na kama hutafika, tutafanya nini saa ile ile, wewe huko na mimi huku? Ninaona mapenzi mengi zaidi katika swali hili la mwisho kuliko katika kadi za dukani.

Vita havijaisubiri kazi hii. Masisi-centre ilitekwa na waasi wa M23 Januari 2025, Goma ikafuata mwishoni mwa mwezi huo, Walikale-centre ikatekwa Machi kabla ya wapiganaji kuondoka Aprili. Kambi za wakimbizi pembeni mwa Goma, walimokuwa watu wengi wa Masisi, zilivunjwa mwezi wa pili, na wenzi wakajikuta tena njiani na magodoro kichwani. Wawezeshaji waliobaki wamebadilisha mengi: kikundi cha wenzi sita badala ya ishirini, kufunga mapema ili kila mtu afike kwake kabla ya giza, hakuna orodha ya majina, hakuna picha. Kuandaa siku ya furaha katika hali hiyo kunaweza kuonekana ni anasa. Sioni hivyo. Watu waliopoteza shamba na nyumba wamebaki na mtu mmoja wa kupanga naye kesho, na kumsaidia mtu apange vizuri na mtu huyo ni msaada wa haki kama turubai na unga.

Hata hivyo wanaoifanya kazi hii hawaahidi kupita kiasi, nami sitaahidi kwa niaba yao. Watafiti walioupima mpango wa EMAP katika Kivu zote mbili walichapisha matokeo yao mwaka 2020 katika jarida la BMJ Global Health. Wanaume walibadilika katika fikra na katika kazi za nyumbani, na uhusiano ndani ya ndoa uliboreka, lakini ukatili waliousimulia wake zao haukupungua kwa kiwango ambacho takwimu zingeweza kukithibitisha. Na hiyo ilikuwa ni baada ya vikao 16. Siku moja ya Desemba itafanya kidogo kuliko hapo. Itawaketisha wawili, itawapa hesabu moja waliyokubaliana na shukrani moja iliyosemwa kwa jina la kazi yake. Ni kidogo, na kinatosha kwa siku moja.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa parokia, kwa mashirika na kwa viongozi wa AVEC wanaotenga fedha za semina hizi. Msilipie siku ya ngoma peke yake. Lipieni na wiki ya kabla, mwezeshaji wa kike anapokwenda kisimani kusikiliza, na lipieni safari ya mwezi wa pili, maharage yakishavunwa, wawezeshaji wapite tena nyumba kwa nyumba. Na yule mama mwezeshaji alipwe sawasawa na yule baba.